Gari la Nyuma la Joka

Ningrum alikuwa akiifunga mkanda sanamu ya kumi na tisa alipoiona ikibonyea kifuani. Akaibinya tena kwa kiganja, ikaingia ndani kama mto wa kulalia. Sanamu hizo za plastiki hujazwa maji zikafikia uzito wa mtu mzima, kisha huzungushwa na treni ya bustani ya michezo kila asubuhi kabla wageni hawajapanda. Hii ilikuwa na uzito wa mbuzi.

"Cak Sokran," akaita bila kupandisha sauti, kwa lile neno la Kijava la kaka. "Hii umeijaza wewe?"

Sokran, fundi mwenzake aliyemwita Mbak, yaani dada, akajitia kutafuta spana. "Labda imefunga, Mbak. Wengine tukifunga tunakonda."

"Ramadhani imepita zamani."

Akapita kiti kwa kiti, akizibonya zote ishirini na nne. Zote zilikuwa nusu.

"Ni mgongo, Mbak," Sokran akasema hatimaye. "Kilo sabini na tano, kila alfajiri. Nikapunguza kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze."

Miezi mitano. Kwa miezi mitano Ningrum alikuwa ametia sahihi kwamba Joka, treni ya kupinduka inayopendwa kuliko michezo yote ya bustani ile, ni salama, na mashahidi wake walikuwa sanamu nyepesi. Hakumgombeza mwenzake. Alivuta mpira wa maji kutoka bombani. "Zijaze zikiwa vitini. Mpaka shingoni."

Saa tatu, saa ya kufungua, ikapita. Pak Hendarto, meneja, akapanda ngazi za jukwaa akihema, redio mkononi.

"Mbak, mabasi tisa ya shule yametoka Surabaya tangu alfajiri. Watoto wanaliimba jina la Joka pale langoni, na nyinyi huku mnaliogesha?"

"Tunajaza sanamu, Pak. Zilikuwa nusu."

"Jana zilikuwa nusu, treni ikaenda. Juzi pia."

"Ndiyo, Pak. Hilo ndilo linalonitisha."

Treni ikazunguka mara mbili na mzigo kamili. Kutoka jukwaani haikuonekana kasoro, ila muziki wa bembea ya farasi wa mbao ulikuwa unalia karibu mno, hakuna aliyeweza kusikia vyuma. Ikabaki kanuni ya karakana yao: pakiwa na shaka, anayetia sahihi hupanda kwanza. Wakatoa sanamu tatu kwenye gari la nyuma, wakaiacha moja.

"Napanda nawe," Hendarto akasema. Alivua kofia yake nyeusi akaikunja mfukoni. "Tukirudi na meno yetu, unasaini."

"Tukirudi, nitasema nilichosikia."

Hendarto akakaa mbele, bega kwa bega na ile sanamu. Ningrum na Sokran wakakaa nyuma yake. Mnyororo ukaanza kuwavuta juu, tak, tak, tak, mpaka mashamba ya tufaha yakawa chini ya viatu vyao na mabasi yakawa kama visanduku vya kiberiti. Ningrum akafumba macho. Hakutaka kuona, alitaka kusikia.

Treni ikaporomoka mteremkoni. Hendarto akapiga takbiri, kisha akamwita mama yake. Kona ya kwanza, upepo tu. Ya pili, magurudumu yakaimba kama kawaida. Ya tatu, treni ilipolala ubavu, kitu kikagonga chini ya viti. Mara moja, kwa sauti kavu, kama mtu anayebisha hodi. Kikarudia.

Jukwaani Hendarto alishuka akiwa ameshika nguzo.

"Umesikia, Pak?"

"Nimesikia moyo wangu tu. Saini, Mbak."

"Imegonga kona ya tatu. Sisaini."

"Basi Wahyudi, fundi wa gurudumu kubwa la kubebea watu, atasaini."

"Anaweza. Lakini apande kwanza. Kiti hikihiki."

Hendarto akamgeukia Sokran. "Na wewe? Usiniambie nawe una masikio ya popo."

Sokran akatazama mikono yake. "Imegonga, Pak. Chini yangu kabisa. Na aliyepunguza maji ni mimi, Mbak hakujua."

Kelele za watoto zikapanda kutoka langoni. Hendarto akainua redio. "Joka limefungwa. Wapelekeni watoto kwenye mashua." Watoto wakaizomea habari hiyo mpaka sauti zikafika jukwaani.

Walipofungua gurudumu la chini ya gari la nyuma, beringi inayolizungusha ilikuwa imepasuka. Gololi zake za chuma zikamwagika kwenye kitambaa pamoja na vumbi la kutu. Hendarto akaokota moja, akaigeuza vidoleni, akairudisha. Hakuna aliyewataja waliopanda jana.

Hadi adhana ya magharibi walikuwa wamemaliza gari la nyuma na nusu ya lililofuata, wakapata beringi nyingine yenye ufa mwembamba kama unywele. Magari manne hayajaguswa. Ukungu ukateremka mlimani. Ningrum akafunika magurudumu yaliyo wazi kwa turubai, akachora mstari wa chaki walipoishia.

"Nije saa ngapi?" Sokran akauliza.

"Ukishaswali alfajiri. Tunaanza hapa, gurudumu la upande wa kushoto."