Posa Iliyotoka Kijiji cha Mfalme

Mzee Kificho hakuwa na kificho hata kidogo, na hilo ndilo lililotaka kumkosesha Mwanapili mume. Mwaka ule wa sitini na tatu alitumwa Wete kumposea Jecha, kijana aliyerudi kutoka Urusi na ujuzi wa ujenzi. Badala ya kuifikisha posa kama ilivyo, akaitia nazi na sukari.

"Mchumba wetu si ntu hivi hivi," alimwambia Mzee Nyange, baba wa binti. "Kaishi Kijiji cha Mfalme, huko huko Urusi! Jumba lina dhahabu hadi darini, na humo ndimo alimokuwa akiingia na kutoka."

Nyuma ya pazia Mwanapili alijishika kichwa. Alimjua baba yake. Babu wa mzee huyo aliletwa kisiwani utumwani, akabebeshwa mawe ya jumba la bwana mpaka mgongo ukapinda. Nyumbani kwao neno jumba lilitamkwa kama jina la maradhi.

"Basi na akaoe huko huko kwa mfalme," alisema Mzee Nyange. "Mie binti yangu simwozi ntu wa majumba."

Mjumbe hauawi, lakini siku ile Mwanapili alitamani sheria hiyo ifutwe. Miaka yote amemngoja Jecha, amekataa posa za watu wenye mikarafuu yao, na sasa mambo yameharibiwa na mdomo wa mtu mwingine! Alilia mpaka shangazi yake, Bi Time, akalia naye.

Baada ya Alasiri ikasikika hodi. Alikuwa Jecha mwenyewe, peke yake. Mchumba kujipeleka ukweni baada ya kukataliwa ni utovu wa adabu wa kuzungumzwa mtaa mzima. Lakini hodi ni hodi, na Mzee Nyange hakuwa mtu wa kumfungia mgeni mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Na weye umekuja kunambia ya dhahabu?"

"Hapana, mzee. Jumba lile liliungua. Wajerumani walipokimbia vitani waliliacha halina paa. Siye wanafunzi twalikwenda siku za mapumziko kuzoa vifusi tu, lipate kujengwa upya."

"Na mfalme?"

"Kaondolewa zamani, mie sijazaliwa. Wakakiita Kijiji cha Watoto, kwa kuwa nyumba za wakubwa walipewa mayatima na watoto wagonjwa. Baadaye wakakipa jina la mshairi wao aliyesoma hapo udogoni. Na babu yake mmoja wa zamani alitoka Afrika, mweusi kama siye."

Mzee Nyange alisogea mbele. "Mji mzima, jina la mshairi?"

"Mji mzima. Na hata hilo la mfalme lilikuwa kosa la masikio. Wenyeji wa kale walipaita *saari*, maana yake kisiwa. Warusi walipokuja wakasikia *tsari*, mfalme."

Mzee Nyange akacheka hadi kofia ikamdondoka. "Kumbe nao wana akina Kificho wao!"

Kicheko kilipokwisha, mzee akaukaza uso tena. "Sasa jumba hilo mwalijenga upya. Nani atalala humo?"

"Hapana ntu. Lajengwa apite kila ntu, atazame kazi ya mikono iliyolijenga mwanzo. Waliobeba mawe yale walikuwa watwana vilevile, mzee."

Mzee Nyange akainama kuiokota kofia yake. Maisha yake yote alikuwa akiona haya kwa ajili ya babu yake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kazi ya yule mzee ilistahili kutazamwa. Machozi yalimlenga, wala hakuyaficha.

"Ulikuwa ukisali huko?" aliuliza hatimaye.

"Nikisali. Kiangazi usiku hauingii giza, Isha ikanipa tabu kweli, lakini nikisali."

Mzee akaligeukia pazia. "Mwanapili, mwanangu, umesikia. Wamridhia?"

Kimila mwari hajibu. Akinyamaza ndiyo karidhi, na shangazi humsemea. Bi Time, aliyekaa naye nyuma ya pazia, akafungua kinywa. Lakini Mwanapili alikwisha kuona maneno ya kusemewa yanavyofika. Akamfunika shangazi mdomo kwa kiganja, taratibu, kwa heshima zote.

"Nimemridhia, baba," akasema mwenyewe, kwa sauti iliyofika barabarani.