Kamba ya Mama Mkwe

Ajali ya mwaka jana haikumuua Lyle Coffey, ila ilimwachia hofu, na hofu kwa mpanda fahali ni kama kunguni godoroni: humwoni, lakini hulali. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Katika umri huo seremala ndiyo kwanza anaanza kusifiwa, ila mpanda fahali keshaitwa mzee.

Asubuhi ya Julai Nne, sikukuu ya uhuru wa Marekani, kabla ya kwenda rodeo, yale mashindano ya kupanda mafahali, alimwahidi mkewe Nadine kwamba akiangushwa kabla ya sekunde nane ambazo mpanda hutakiwa kudumu mgongoni, kamba yake ya kupandia ataitundika ghalani na hataishusha tena.

"Mimi sikukuomba uache," Nadine alisema, akimwongezea mchuzi wa soseji juu ya mkate. "Nilikuomba uache kuogopa. Kula."

Tatizo lilikuwa Harlan. Huyu shemeji yake ndiye aliyemvutia kamba tangu ujanani, maana mpanda fahali hajifungi mwenyewe. Yeye hukaa mgongoni mwa mnyama ndani ya kizimba, mkono mmoja kwenye kishikio, na mwenzake aliye juu ya ubao wa kizimba huvuta kamba mpaka ikaze kifuani mwa fahali. Ikilegea, umekwisha. Harlan alikuwa amevunjika mkono juzi kwa kuanguka kutoka kwenye trekta iliyosimama, na mji mzima ulikuwa bado unamcheka.

Basi jina la Lyle lilipoitwa, aliyeruka juu ya ubao kumsaidia alikuwa Tanner Voss, kijana aliyekuwa akiongoza mashindano. Kati ya watu wote pale, ndiye ambaye Lyle akianguka angelala usingizi mnono.

"Wewe?" Lyle aliuliza.

"Ulitaka nani, mama yako? Kaa sawa, mzee, huyu hana subira."

Fahali mwenyewe aliitwa Mama Mkwe, na jina hilo hakupewa bure. Tanner alivuta. Kamba ilikaza, lakini moyo wa Lyle ukamnong'oneza kwamba anavutiwa nusu. Hapo akafanya kile alichoapa kutokifanya tena. Alipokuwa akikunja kamba kiganjani, aliipitisha kati ya kidole cha mwisho na cha pete, ikaubana mkono kama kufuli. Ukijifunga hivyo huanguki upesi, ila ukianguka, mkono unabaki kwa fahali. Ndivyo alivyoburutwa mwaka jana mpaka bega likatoka.

Tanner aliona. Angenyamaza tu, nani angemlaumu?

"Toa kidole."

"Vuta kamba, dogo. Vidole ni vyangu."

"Toa, nimesema! Mwaka jana nilikuwapo, nilikuona unavyopeperushwa kama shati lililoanikwa. Kama huniamini, sema nishuke, aje mwingine. Lakini nikivuta mimi, navuta kweli. Nataka nikushinde ukiwa mzima."

Lyle alimtazama usoni na kuona haya, haya za mtu aliyemdhania mwizi jirani aliyekuja kumsaidia kubeba mzigo. Akaichomoa kamba kwenye vidole.

"Haya, vuta tena," alisema. "Kidogo tena. Hapo hapo."

Akainamisha kichwa, na lango likafunguliwa.

Mama Mkwe alitoka kwa hasira zake zote. Aliruka, akatua kwa miguu ya mbele, akageuka kushoto na kuanza kuzunguka, njuga zilizofungwa kwenye kamba zikipiga kelele chini ya tumbo lake. Lyle aliyumba akidhani safari imeishia hapo, ila kamba haikusogea hata kidogo, naye akajirudisha katikati. Wakati fulani katika ile mizunguko aligundua kwamba haogopi. Alifurahi kiasi kwamba king'ora cha sekunde nane kilimkuta akicheka.

Alifumbua kiganja, mkono ukatoka salama. Alianguka kwa magoti, akakimbilia uzio huku kinywa kimejaa vumbi. Waamuzi walimpa alama themanini na saba. Alikuwa amempita Tanner, na kule juu kwenye viti Nadine alikuwa akimpiga Harlan kwa kofia, kwenye ule mkono mbovu, kwa furaha.

Lakini Tanner alikuwa na fahali mmoja bado, na alishaketi kizimbani. Binamu yake alikuwa amekwishaishika kamba pale Lyle alipopanda ubao, anahema, suruali imechanika goti.

"Sogea," alimwambia binamu.

Tanner aliinua macho. "Umeshanipita, mzee. Si upumzike?"

"Nitapumzika nikizeeka. Inatosha hiyo?"

"Bado."

Lyle alivuta kwa bega lile lile la mwaka jana. Lilimuuma. Akavuta tena, kwa nguvu zake zote, mpaka kijana akasema basi.

"Na mimi nataka nikushinde ukiwa mzima," Lyle alisema, na Tanner, akicheka, akainamisha kichwa lango lifunguliwe.