Majani Yasiyo na Madoa

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Mvua ya siku tatu ilikuwa imebaki manyunyu.

Baba aliweka mfuko wa majani ya viazi juu ya meza ya maabara, mbele ya binti yake, mtaalamu wa magonjwa ya mimea.

"Tazama, mwanangu. Safi kabisa! Mwaka jana yalikuwa na chunusi kama vijana wa shule."

"Afadhali yao, mzee," alisema fundi wa maabara, ambaye wote walimwita Miwani. "Mimi nina wajukuu na zangu bado zipo."

Baba alicheka. Binti hakucheka. Mbegu ya viazi hivyo ni yeye aliyempa baba yake, na ni yeye aliyemshauri aipande shamba zima. Uwezo wa mbegu hiyo ulikuwa mmoja: seli ya jani ilipotambua protini fulani ya ukungu wa viazi, ilijiua papo hapo, na ukungu ukafa njaa ndani ya kidoa cha kahawia. Chunusi zile ndizo zilizokuwa ulinzi. Katika mvua kama hii, jani safi lilimtia hofu.

Alilitia jani rangi, akaliweka chini ya hadubini. Nyuzi za ukungu zilikuwa zimetapakaa. Kila uzi ulikuwa umepenyeza vidole ndani ya seli, na kupitia vidole hivyo ukamimina protini za kuulaza mmea. Protini ile ambayo seli ziliwahi kuitambua ilikuwa imebadilika. Hapakuwa na maelezo mengine. Seli zilikuwa hai, zinamlisha mgeni.

Jani la pili lilikuwa hivyohivyo. La tatu pia.

"Umeyachuma wapi, Baba?"

"Kila pembe ya shamba. Nilitaka ufurahi."

"Dawa je?" aliuliza Miwani.

"Tumechelewa. Ukungu umeshaingia ndani, na mvua haijaisha. Baba, kata majani yote leo, kabla haujashuka kwenye viazi."

"Viazi vyenyewe bado ni gololi!"

"Najua."

"Nifyeke shamba bichi hivi? Si ulisema mbegu hii haiugui?"

"Nilisema."

Miwani aliosha vioo vya hadubini, akaizima. Baba alirudi shambani, akafyeka tuta moja, akalitazama, akaweka panga chini, asifyeke jingine. Ijumaa majani yote yalikuwa meusi. Binti alifika na jembe, akachimba tangu asubuhi. Viazi alivyotoa vilikuwa vimeoza. Baba alikaa mlangoni mwa nyumba, wala hakumwita aje kula.