Mtoto Aliyeziba Pua

Asubuhi ile fundi cherehani wa mtaa wa bondeni alikuwa akishona upindo wa sketi ya shule, mimba yake ya miezi saba ikigusa meza, ngozi ya tumbo ilipoanza kupitisha mwanga. Alimaliza upindo kwanza. Kisha akafunua blauzi, akamwona mtoto: msichana, kichwa kimejaa nywele, amelala ubavu katika maji ya rangi ya yale ya kupigia deki.

Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Muuza mkaa wa jirani alionekana amejaa maji ya kijivu hadi kifuani, na watoto walikuwa wakifunuliana mashati na kuchekana. Mama mkwe, aliyekuja kuazima sindano, aliinama akamkagua mjukuu bila haraka.

“Pua ya kwetu hiyo, hana pa kukimbilia,” alisema. “Ila mbona ameiziba?”

Kweli alikuwa ameibana kwa vidole viwili. Fundi alichemsha maji ya bomba, akayachuja kwa kitambaa kipya, akanywa. Mtoto hakushusha mkono.

Sababu haikuwa siri. Mabomba ya maji safi na ya majitaka yalilazwa katika mtaro mmoja, la majitaka juu, kwa kuwa kuchimba mitaro miwili kulionekana ni kujisumbua bure. Maji yalipokatwa, na yalikatwa karibu kila siku, bomba tupu lilifyonza kilichovuja juu yake. Mtoto wa kwanza wa fundi alifariki kwa maji hayo kabla hajajua kukaa. Huyu wa pili fundi alimtaka kwa moyo wote, na aliogopa hata kumchagulia jina.

Wiki ile halmashauri ilikuwa ikifanya tathmini ya huduma za maji na majitaka za wilaya nzima, na wananchi walikaribishwa kutoa maoni. Fundi alivaa viatu vyake vya kutokea, akaenda. Wajumbe, ambao wengi waliishi mlimani kwenye bomba jingine, nao walikuwa wanapitisha mwanga. Mwenyekiti alionekana amejaa maji maangavu hadi kooni, na kipande cha ndimu kikielea chini ya tai.

Mhandisi wa maji alisoma kwamba huduma imewafikia wakazi wote wa bondeni. Hakuna aliyembishia, maana kila mtu aliona imewafikia mpaka wapi.

Zamu ya fundi ilipofika, alisimama akafungua vifungo vya blauzi.

“Waheshimiwa, mimi sina maneno mengi. Hayo mabomba yatenganisheni kabla huyu hajazaliwa. Mwenzake nilishamzika.”

Mhudumu wa ukumbi akavuta pazia ili mwanga uingie vizuri. Mtoto akageuka taratibu, akawatazama wajumbe mmoja baada ya mwingine, vidole puani. Mwenyekiti alitoa leso akalia, na kilio chake hakikuwa cha kuigiza. Machozi yalionekana yakipanda tangu kifuani.

“Pole sana, mwanangu,” alisema. “Tumejionea wenyewe.”

Wakajadiliana mpaka chakula cha mchana kikapoa. Azimio lilisomwa kwa sauti ya upole. Halmashauri imeridhika kwamba hali ya bondeni inaonekana mno, na kwamba inawaumiza wanaoiona. Kwa hiyo kila mkazi atapewa vazi la kitambaa kizito, cha rangi ya giza. Suala la mtaro litaangaliwa katika tathmini ijayo. Kazi ya kushona akapewa fundi, kwa kuwa yupo hapo hapo na vipimo vya watu wake anavijua. Aliombwa aanze na lake.

Alirudi na jora begani. Alikata, akashona, akavaa, na kwa kweli vazi lilimkaa vizuri. Mama mkwe alimzungusha, akasema haonekani kitu. Baadaye kiu ikamshika, kiu ya mjamzito isiyo na subira, na nyumbani hapakuwa na maji mengine. Alichota kikombe katika yale aliyochemsha, kisha akafungua kifungo kimoja cha tumboni, maana aliona si haki kunywa bila kumwambia.

“Nivumilie, mama,” alisema. “Nakunywa.”

Mtoto akainua mkono wa pili, akaziba na mdomo.

Fundi akanywa. Akafunga kifungo, akavuta kiti, akaanza vazi la muuza mkaa.