Vichwa Arobaini na Nane

Mwaka 1996 nilifunga nyaya za mtandao za ghorofa ya pili ya ofisi yetu ya ramani za majengo, Madinat Sultan Qaboos, Maskati. Nilizifunga peke yangu. Nyaya ishirini na nne, na kila waya una kichwa huku na kichwa kule, hivi vichwa vya plastiki vyenye meno manane ya shaba vinavyochomekwa nyuma ya kompyuta vikalia tak. Miaka sita hapana hata kimoja kilicholeta shida. Nilikuwa nikipita baina ya meza nikijiona mwenye jengo.

Mwaka 2002 Hisham, mhandisi wetu kijana, akaleta swichi mpya, yale masanduku yanayounganisha kompyuta zote, zinazopitisha data mara kumi kuliko zile za zamani. Ghorofa ya kwanza ikaruka kwa kasi. Ya pili, ya kwangu, ikalala. Ramani moja ilichukua robo saa kufunguka, kisha ikakatika katikati.

Hisham akakata kichwa kimoja, akakitazama kwa muda, akaniita pembeni.

"Ammi Msellem, hizi nani kazipanga?"

"Mimi. Na nilizipima kwa kipimo. Taa zake zote nane ziliwaka."

"Taa zinakwambia waya umefika tu, ammi. Hazikwambii umefika na nani."

Ndani ya waya wa mtandao mna nyaya nyembamba nane, zimesokotwa mbili mbili, kila mmoja wa rangi na mwenzake mweupe wenye mstari wa rangi hiyo hiyo. Kule kusokotwa ndiko kunakozuia kelele za jirani zisiingie. Mimi nilikuwa nimechanganya: wa kijani nimeupa kazi moja na mweupe wenye mstari wa rangi ya machungwa. Kwa mwendo wa zamani data ilipita hivyo hivyo. Kwa mwendo mpya ilikataa.

"Waya wenyewe utakuwa mbovu tangu kiwandani," nikasema.

Hisham hakubishana na mimi. Alisema Jumamosi ataita mafundi wa nje waifunge upya ghorofa yote. Nikamwomba aniachie Alkhamisi na Ijumaa, ofisi ikiwa imefungwa. "Jumamosi ukikuta kimoja hakiendi, waite unaowataka, na funguo za chumba cha nyaya nitakukabidhi mwenyewe." Akakubali.

Ukweli ni kwamba mimi rangi sizioni sawasawa. Buluu naijua, manjano naijua. Lakini kijani, machungwa na kahawia, kwangu mimi ni watoto wa baba mmoja. Nililijua hilo tangu skuli, Unguja, na sikumwambia mtu. Nilifika Maskati nikabeba nguzo za simu, jioni nikaenda darasani Ruwi, miaka minne, Kiingereza na umeme, mpaka nikapata cheti. Sikuwa tayari mtu aseme Msellem hajui kijani. Mwaka ule wa 96 nilikuwa nikibahatisha. Taa zikiruka, nakata, napanga upya, mpaka ziwake kwa zamu. Nikadhani basi.

Jumatano alasiri nilikaa uani kwetu, Mawaleh, na kipande cha waya na karatasi yenye mpango wa rangi, nijaribu kwenye mwanga wa jua. Mke wangu Mahbuba alikuwa karibu yangu anashona kofia kwa nyuzi za hariri.

"Baba Aflah," akasema, "hiyo unaitia nafasi ya sita?"

"Kwani vipi?"

"Karatasi yako inasema kijani. Hiyo kahawia."

"Nnajua."

"Unajua nini? Mara ya tatu hiyo!"

Nikasema jua linanipiga machoni. Akaiweka kofia chini, akachukua nyuzi mbili kwenye kopo lake, akanisogezea.

"Hii rangi gani?"

"Wacha mchezo, Mahbuba."

"Nimeuliza."

"Kijani."

"Na hii?"

Niliutazama ule uzi, nikamtazama na yeye. "Kijani pia."

Ulikuwa rangi ya machungwa. Hakucheka.

"Miaka ishirini na saba," akasema polepole. "Nikikutuma Hamriya kununua nyuzi, huendi mpaka nikupe kipande ukamwoneshe mwenye duka. Mie nasema, alhamdulillahi, nimepata mume makini! Na lile gauni langu la Iddi, ulilolisifu kijani chake mbele ya watu?"

"Nilimuuliza dada yako kwanza."

Hapo ndipo alipocheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nikamweleza habari ya Jumamosi. Nilimweleza nikiwa nimeinamia koleo, maana uso wake sikuweza kuutazama.

"Sasa nani kakwambia utakwenda peke yako?" akauliza.

"Ofisini? Weye?"

"Kwani hivyo vichwa vinauma?"

Alkhamisi asubuhi alikaa kwenye kiti cha mchora ramani, mikono ya abaya ameikunja. Nilikata kichwa cha zamani nikamwonesha nilivyopanga na inavyotakiwa. Akakigeuza huku na huku.

"Subhana Llah, Msellem! Umewaachisha watu na wake zao, ukawaoza kwa majirani. Ndo maana hawasemezani!"

Mimi nilikuwa na mtindo wa kuzisokotoa zote kwanza na kuzinyoosha. Yeye alikataa. Alizifungua urefu wa ukucha tu, jozi moja baada ya nyingine, akazilaza nane kwa mpango baina ya vidole, akanikabidhi bila ya kuzilegeza. Mimi nikazikata sawa, nikazisukuma ndani ya kichwa mpaka shaba ikagusa mwisho, nikabana. Mikono yangu haina wasiwasi. Adhuhuri tulikuwa na vichwa ishirini. Tukasali, tukala sambusa alizozichukua nyumbani, tukaendelea.

Ijumaa, baada ya sala, tukamaliza vilivyobaki. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyekundu kwa kuchomwa na shaba. Hilo nililijua kwa kuzigusa, zilikuwa za moto. Nikazishika.

"Kwa nini hukunambia?" akauliza.

"Nilitaka uwe na mume anayejua kila kitu."

"Nnaye. Anajua kila kitu ila kijani."

Jumamosi Hisham alikuja na kipimo chake kikubwa, kile kinachopima mwendo wenyewe. Akapita waya mmoja mmoja. Wachora ramani walisimama nyuma yake. Waya wa ishirini na nne ulipopita, akanigeukia mbele ya watu wote.

"Kumbe ulisema kweli, ammi. Waya wa zamani ulikuwa mbovu. Umetia mpya, sio?"

Alikuwa ananifungulia mlango, nami niliuona. Nilikuwa nahitaji kuitikia kwa kichwa tu.

"Waya ni ule ule," nikasema. "Mabovu ni macho yangu. Mimi kijani na machungwa siwezi kuzitofautisha, tangu mtoto. Rangi zote kazipanga mke wangu. Mimi nimebana."

Mtu mmoja alianza kucheka, akaacha. Hisham alizitazama taa za swichi, zote zinawaka, kisha akanitazama mimi.

"Ghorofa ya tatu tunaifunga mwezi ujao," akasema. "Atakubali kuja?"

Jioni nilimsimulia Mahbuba yote, pamoja na kile kicheko.

"Mwambie nitakuja," akasema. "Lakini abane Msellem. Mtu mwengine simpangii rangi."