Mjomba Hayumo Kwenye Fomu

"Asalamu alaikum. Wewe ndiye unayempima mtoto wetu akili?"

Deswita aliinua macho. Mlangoni alisimama mwanamume asiyemjua, kofia nyeusi kichwani, mananasi mawili mkononi.

"Mimi Darwis, mjomba wake Reno. Nimetoka Pekanbaru alfajiri."

Deswita alihisi uso ukimwaka. Alikuwa na mwezi mmoja tu kazini katika kituo hiki cha kupima watoto cha Payakumbuh, na fomu ya mwaliko aliinakili kutoka kitabu cha chuo: baba, mama, sahihi. Yeye, Mminangkabau wa kuzaliwa, aliyelelewa chini ya macho ya wajomba wanne, alikuwa amemsahau mjomba, ambaye kwao ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake.

"Fomu yako nimeiona," alisema Darwis, akiketi bila kukaribishwa. "Baba yumo, mama yumo. Labda mjomba amekufa."

"Nisamehe, Mjomba. Nimekosa."

"Haya, nipe majibu. Gari linanipitia hapa saa saba, na mtoto naondoka naye. Mwalimu wake anasema ni mzito. Darasa la tatu, kusoma hajui. Aje kwenye mgahawa wangu ajifunze kupika nyama ya rendang. Sufuria haiulizi herufi."

Majibu yalikuwa mezani, chini ya kiganja cha Deswita. Sentensi mbili zingetosha. Lakini alikuwa amemwahidi Reno kwamba atayasikia yeye kwanza, na mama yake alikubali.

"Shule inatoka saa sita," alisema. "Tumsubiri."

"Ukiniweka, nitaamua bila karatasi yako."

"Najua, Mjomba. Lakini mimi nikimvunjia ahadi, atamwamini nani tena?"

"Mkaidi kama dada yangu," Darwis alinung'unika. "Haya, kisu kiko wapi? Tumenye nanasi."

Walikuwa wamelimaliza la kwanza Reno alipoingia na mama yake, Yarnis.

"Kumbe njaa ndiyo iliyokuleta, kaka?" alisema Yarnis, mikono kiunoni.

Deswita alimchukua Reno hadi chumba cha pili, akafunga mlango, akachuchumaa mbele yake.

"Kichwa chako kina kasi kuliko cha wenzako wengi," alimwambia. "Ila herufi zinakuhadaa. Ipo njia ya kuzifunza adabu. Ni ya polepole, lakini ipo, na tutaifuata pamoja."

Reno alifikiri. "Kwa hiyo mimi si mjinga?"

"Hata kidogo."

"Nimwambie Mjomba mimi mwenyewe?"

Hakungoja jibu; alifungua mlango, akarudi mbio kwa mjomba wake. "Mjomba, mimi si mzito. Herufi ndizo zenye utukutu."

Darwis alicheka hadi kofia ikamwenda upande. Deswita akawaeleza yaliyobaki, ukurasa kwa ukurasa. Mjomba aliuliza maswali manne, yote ya maana, kisha akakunja karatasi taratibu.

"Basi abaki shule. Rendang atajifunza likizo."

Yarnis aligeukia ukuta, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Nitakusomea ukurasa mmoja," Reno alimwambia mjomba wake. "Utasikiliza mpaka mwisho?"

"Mpaka nukta ya mwisho."

Reno alifungua kitabu, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kusoma herufi kwa herufi. Alikuwa mstari wa tatu honi ilipolia barabarani. Ikalia tena. Yarnis alimgusa kaka yake begani.

Darwis aliweka kidole mdomoni. Nje injini ilinguruma, gari likaondoka, na Reno akaanza mstari wa nne.