Malkia wa Panga

Henriette alifundishwa kupiga taroti, karata za kubashiria, na bibi wa Kibelgiji ambaye yeye Henriette alikuwa akimpigia pasi nguo. Bibi huyo aliporudi kwao alimwachia zile karata, na wanawake wa mtaa wake wa Dilala, mjini Kolwezi, wakawa wanamjia kuuliza habari za waume na safari.

Mwaka wa tisini na tatu, watu wa asili ya mkoa wa Kasai walipokuwa wakifukuzwa Kolwezi na vijana wenyeji, Tshibola, aliyekuwa wa asili hiyo, alikuja. Walikuwa majirani tangu wote wawili wakiwa wasichana waliochumbiwa.

"Uniangalilie, mama. Bwana yangu Tshilombo anasema tubakie. Kazi yake iko hapa, batoto balizaliwa hapa. Mi naogopa."

Henriette alitandaza karata. Akatoka Malkia wa Panga: mwanamke kwenye kiti, upanga wima mkononi, uso mkavu. Henriette aliijua vizuri maana yake. Ni mwanamke aliyepoteza mtu. Tena ni mwanamke anayesema kweli hata ikikata.

Sasa, jana yake Kalumba, mdogo wake Henriette wa kiume na mmoja wa vijana hao, alikuwa amekula kwake. Akiwa ananawa mikono alisema, "Jumapili tutapita kwa Tshilombo. Ukisikia kelele, usifungue." Henriette alikuwa amemlea Kalumba tangu mama yao afariki. Akimwonya Tshibola, vijana wangejua neno limetoka kwa nani, na wangemgeukia Kalumba.

"Karata inasema nini?" Tshibola aliuliza.

"Inasema wewe ni mwanamuke wa nguvu. Utakaa kwako."

Tshibola akashusha pumzi, akamshika mkono, akaenda kupika.

Jumapili Henriette hakufungua. Alikaa kitandani, mikono masikioni, na bado aliisikia sauti ya Tshilombo ikiwasihi vijana wawaache watoto. Watoto waliachwa. Tshilombo mwenyewe alipigwa vibaya, na siku chache baadaye akafia stesheni, kati ya mabunda ya mizigo ya watu waliokuwa wakingojea treni ya Kasai.

Henriette alipopata habari alipeleka sufuria ya bukari, ugali wa kwao, na samaki. Alimkuta Tshibola chini ya kipande cha turubai, mtoto mdogo amelala mapajani.

"Ulijua?" Tshibola aliuliza.

Njia nzima Henriette alikuwa ametunga jibu jingine. "Nilijua. Kalumba aliniambia."

"Ungeniambia tu, Henriette. Sikuja juu ya karata. Nilikuja kwako."

Tshibola aliwagawia watoto chakula, kwa maana walikuwa na njaa. Yeye mwenyewe hakukigusa. Sufuria aliisafisha kwa majivu, akairudisha, akageuka upande wa pili.

Treni iliwachukua. Henriette hakupata kujua walishukia wapi. Nyumbani mwao waliingia watu wengine, watu wapole, na kila asubuhi mama wa pale humsalimu kupitia juu ya ukuta. Henriette humwitikia, kisha hurudi ndani upesi.